Mkia wa Nge wa Taifa

Nchi ninayoisimulia haipo. Naanza na hilo kabisa, maana wapo watu wakisikia neno tu, hao, wameshalifikisha kunakohusika. Haipo, haijapata kuwepo, na ukiona inafanana na kwenu, hilo ni lako na macho yako, mimi usinitie. Mimi ni mama ntilie tu. Naitwa Mashavu, nilikuwa nauza wali na maharage njia panda ya machimbo ya kokoto, mpaka wali ukaisha, kisha maharage yakaisha, nikabaki na benchi na sufuria zangu.

Mvua ilikuwa imegoma. Wingu linakuja, linatutazama, linaondoka zake. Unga ukaadimika hadi watu wakikutana hawasalimiani tena, wanaulizana tu umeonekana wapi. Lakini serikali yetu, jamani tuwe wakweli, haikukaa kimya. Ilichukua hatua za haraka sana. Ilibadilisha jina la Wizara ya Chakula ikawa Wizara ya Shibe, ikapaka jengo rangi mpya, na Waziri wake, Mheshimiwa Dokta Masamvu, akatutangazia redioni kwamba nchi haina njaa hata kidogo. Ina upungufu wa shibe. Tukashusha pumzi, maana tulikuwa tumeshaanza kuogopa kwamba ni njaa.

Kisha Mheshimiwa akasafiri. Akazunguka dunia na ujumbe wake, na wake zao, na mashemeji, kuitafuta shibe kokote ilikojificha. Aliporudi kitambi kimeongezeka, tukajua ameiona. Akatuita uwanjani.

"Ndugu wananchi!" akasema. "Nimefika nchi ambayo buibui, tena wale wakubwa wenye manyoya, wanakaangwa kwa kitunguu saumu na chumvi, wanarundikwa kwenye sinia, na watu wanapanga foleni! Nimefika mji ambao nge anachomekwa kijitini kama mshikaki! Nimeona nge ndani ya pipi ya mtoto! Nimeona nge ndani ya chupa ya pombe, ametulia kuliko mlevi mwenyewe! Sasa nauliza, na sisi tuna nini?"

Tulikuwa hatujui tuna nini.

"Tuna mawe!" akasema Mheshimiwa. "Na chini ya kila jiwe, Mwenyezi Mungu katuwekea nini?"

"Nge," akajijibu mwenyewe, akajipigia makofi, nasi tukamfuata. Picha yake ikabandikwa kila ofisi: Mheshimiwa kashika buibui wa kukaanga karibu na mdomo. Watu wenye roho mbaya wakanong'ona kwamba karibu na mdomo si mdomoni. Mimi nikawauliza, nyie mnataka mpaka atafune ndiyo muamini? Kiongozi mzima!

*

Sasa chakula chenyewe. Sitawadanganya, mwanzoni kilitusaidia.

Pale machimboni palikuwa na baba mmoja, mponda kokoto, anaitwa Kachenje. Mkewe alifariki akamwachia binti mmoja, Siwema, kitoto chembamba chenye maswali mengi. Mimi si ndugu yao, lakini njaa imetufanya ndugu. Yeye ananiita dada, mtoto ananiita shangazi, na chungu chetu kikawa kimoja. Kachenje anainua jiwe, Siwema anambana nge na kijiti, baba anakata mkia wenye sumu kwa ncha ya panga, nge anaingia koponi. Kitu cha kawaida kabisa, hata mtoto wa kuanza kutembea angekuonyesha kwamba sumu iko mkiani. Mimi nakaanga kwa chumvi na mafuta kidogo niliyokuwa nimeyaficha. Nge akikauka vizuri analia mdomoni kama dagaa. Buibui nao, miguu yao mitamu, tumbo lao ndilo lenye mushkeli.

"Shangazi," Siwema akaniambia siku moja, anagawa miguu ya buibui juu ya jani, "hii miwili ya baba, miwili yako, minne yangu."

"Ebo! Kwa nini minne yako?"

"Kwa sababu mimi bado nakua. Nyie mmeshamaliza."

Kachenje akacheka mpaka akakohoa vumbi la mawe. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu tulipomzika mkewe. Nikasema moyoni, Mungu ibariki Wizara ya Shibe.

*

Sasa serikali ikisikia jambo limefanikiwa, haiwezi kuliacha hivihivi. Inalisaidia.

Nge akatangazwa kuwa Chakula cha Taifa. Kisha akawekwa kwenye nembo, kasimama na mkia juu, na Mheshimiwa akatufafanulia kwamba mkia ule uliosimama ni mkono wa taifa unaopunga shibe. Tukapiga makofi. Kisha ikaja amri, maana nembo bila amri ni mchoro tu: ni marufuku mwananchi yeyote kumkata mkia Nge wa Taifa. Nge wote wakamatwe wazima, wapelekwe Kituo cha Shibe wakiwa hai, mkia umesimama, wakaguliwe kwanza. Wanono wanabaki kituoni kwa ajili ya akiba ya taifa. Waliokonda mnarudishiwa, mkale kwa nidhamu.

Kuna baba mmoja wa mtaa wa juu alikata mkia kwa mazoea. Hawakumfunga, serikali ina huruma. Walimsimamisha kituoni mbele ya huyo nge aliyemkata, akaambiwa amwombe radhi kwa sauti ya kusikika. Akaomba. Karani wa kituo akasema hakusikia majuto ndani yake, arudie. Akarudia mpaka machozi yakamtoka, ndipo karani akasema nge amesamehe.

Jambo la mwisho, nilitaka kulisahau. Zahanati yetu ilikuwa na dawa ya sumu ya nge. Ilikuwepo siku zote, watu wa machimbo tunaijua. Ikaondolewa. Mheshimiwa alieleza vizuri tu: huwezi kuweka dawa ya kuzuia chakula chako mwenyewe, ni matusi. Nani aliwahi kuona dawa ya kuzuia ugali? Na kweli, ukifikiri kwa njia ile, huna cha kujibu.

*

Siku ya Sherehe ya Shibe kila nyumba iliambiwa ilete nge. Isiyoleta haitapata mgawo. Kachenje aliamkia machimboni mapema, na walipompata mmoja akamtuma Siwema kituoni na kopo, yeye akabaki akimalizia kuponda, maana lori la kokoto lilikuwa linasubiri.

Mtoto akaenda, akasimama kwenye foleni na tumbo tupu. Karani akafungua kopo, akachungulia.

"Huyu mkia umelala," akasema.

"Amechoka," Siwema akajibu. "Njia ilikuwa ndefu."

"Nge wa Taifa hachoki. Kaa pembeni. Mkia ukisimama, rudi."

Haya yote nimeyasikia kwa mama mmoja aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni. Anasema mtoto alikaa pembeni ya ukuta na kopo mapajani, akawa anambembeleza yule nge. Anamwambia, "Simama basi, simama, tupate kula." Nge kalala tu. Foleni inaisha, sufuria za mgawo zinakaribia kuisha. Mtoto akaona bora amsaidie. Akaingiza kidole koponi, akauinua ule mkia.

Niliposikia kelele nilikuwa benchini kwangu. Nilimkuta Kachenje kashafika, kamwinua mtoto mikononi, vumbi la mawe limempaka mtoto uso mzima. Tukakimbia zahanati.

Daktari Lyamba ni kijana mpole, tunamjua, alimtibu hata marehemu mama Siwema. Alipomwona mtoto akafunga mlango kwanza.

"Kaumwa na nini?"

"Nge," Kachenje akasema.

Daktari akatazama dirishani. "Baba, tafadhali, sema kitu kingine. Sema nyoka."

"Nikisema nyoka utampa dawa?"

"Nitampa dawa ya nyoka."

"Itamsaidia?"

"Hapana."

"Sasa niseme nyoka kwa nini?"

"Ili nipate ruhusa ya kumgusa," daktari akasema, na macho yake yakajaa machozi. "Hakuna ugonjwa wa kuumwa na chakula. Wameufuta. Nikimtibu, nimeukubali."

Siwema alikuwa ameanza kutokwa na mate, mwili unamruka, jasho linamtiririka kama kamwagiwa maji. Daktari, Mungu amlipe, alimgusa bila ruhusa. Alimfunga mkono, akamfuta mate, akamtuliza. Kisha akamvuta Kachenje karibu.

"Dawa yenyewe haijatupwa," akanong'ona. "Ipo uwanjani. Mheshimiwa atashika nge mzima leo apigwe picha, kwa hiyo wamemwekea sanduku la dawa chini ya kiti chake, ikitokea la kutokea. Wahi. Bado kuna muda, lakini si mwingi."

*

Uwanja umefurika. Jukwaani kulikuwa na Mheshimiwa, na wakubwa, na bibi mmoja mgeni aliyealikwa kutoka ile nchi ya mbali wanakokaanga buibui, mpishi mashuhuri, kavaa nadhifu, na mkalimani ubavuni. Tulipenya na mtoto mpaka chini ya jukwaa. Askari akatuzuia, kwa sababu bibi ndiyo kwanza alikuwa anaanza kuzungumza, na mgeni hakatizwi.

Bibi aliongea taratibu, anaangalia chini. Mkalimani akatutafsiria: "Anasema bibi zao walianza kula hawa wadudu wakati nchi yao haikuwa na kitu kingine. Walikuwa wanalia wakila. Walilia kwa furaha!" Watu makofi. Mimi nilikuwa namwona bibi usoni. Hakuwa na furaha ya aina yoyote.

Kisha sinia la sherehe likaletwa, nge wa taifa, wamekaangwa na mikia yao yote. Bibi akashtuka, akaonyesha mkia, akafanya kwa vidole kama mtu anayekata, akasema maneno mengi kwa ukali. Mkalimani akasema, "Anasema hajawahi kuona nge walioandaliwa kwa heshima namna hii."

Kachenje hakungoja tena. Akapiga kelele, "Mheshimiwa! Nge kamuuma mwanangu! Naomba dawa!"

Mheshimiwa, nataka nimpe haki yake, hakukasirika. Aliinama mpaka ukingoni mwa jukwaa, akazima kipaza sauti, akazungumza naye kama mzazi kwa mzazi.

"Mzee wangu, naumia kama wewe. Lakini fikiria. Nikifungua sanduku hili mbele ya watu, nitakuwa nimesema nini?"

"Utakuwa umesema mtoto anaumwa."

"Nitakuwa nimesema chakula kina sumu. Watu watakiogopa. Wakikiogopa, watajua wana njaa. Wewe unataka nchi nzima ijue ina njaa kwa ajili ya mtoto mmoja?"

"Nataka chupa moja, Mheshimiwa. Sanduku lipo hapo chini ya kiti chako. Nipe mimi nifungue, wewe angalia pembeni."

"Subiri nimalize hotuba," akasema, akampiga Kachenje begani kwa upole. "Tutalizungumza faragha."

Akarudi, akawasha kipaza sauti, akatoa karatasi. Ilikuwa bunda. Tulikaa pale chini kwenye vumbi, Kachenje kapakata mtoto, mimi nampepea na kanga. Mheshimiwa alizungumzia historia ya shibe tangu enzi za mababu. Alizungumzia shibe na vijana, shibe na michezo, nafasi ya mwanamke katika shibe. Kila akitulia, tulidhani amefika mwisho, Kachenje anainuka nusu, kumbe anakunywa maji.

Mtu pekee aliyeshuka jukwaani ni yule bibi mgeni. Hakuna aliyemtafsiria. Alipiga magoti kwenye vumbi na nguo zake nzuri, akashika mkono wa Siwema, akawa anauimbia taratibu kwa lugha yake. Kisha akamgeukia Mheshimiwa, akamfokea, machozi yanamtoka, ananyoosha kidole kwenye sanduku. Mkalimani akasogea kwenye kipaza sauti akasema mgeni amefurahishwa sana na mapokezi.

Siwema akafumbua macho. Pumzi inakuja kwa taabu.

"Baba, mkia umesimama?"

"Umesimama, mwanangu," Kachenje akasema. "Umesimama wima. Wameukubali."

"Basi twende tukale."

Mheshimiwa alikuwa kwenye shibe na mazingira mtoto alipokata roho. Kachenje hakupiga kelele. Alibaki amempakata vilevile, anamfuta vumbi usoni kwa kidole gumba, na juu yetu watu wanapiga makofi.

*

Serikali ilihuzunika. Asitokee wa kusema haikuhuzunika. Kamati iliundwa siku hiyohiyo kuchunguza chanzo cha kifo, na haikuchukua muda, kwa sababu ilikuwa na wasomi watupu. Wakasema hivi: mtoto amefariki akiwa na Chakula cha Taifa mkononi. Chakula hakiui. Kama chakula hakiui na mtoto amekufa kwa chakula, basi kilichomuua ni wingi wake. Siwema binti Kachenje alikuwa mwananchi wa kwanza katika historia ya nchi kufa kwa shibe.

Redio zikatangaza kwa shangwe. Nchi ambayo watu wanakufa kwa shibe, nani tena ataiambia ina njaa? Wakaleta jeneza lenye nembo. Mheshimiwa akaja mazishini kwa miguu, hatua za mwisho lakini kwa miguu, akatoa mkono wa kwanza kwa Kachenje akasema, "Hongera, baba." Hapo ndipo ikatoka amri kwamba kwenye msiba huu neno pole ni marufuku, maana pole hupewa aliyepungukiwa. Huyu apewe hongera. Basi majirani wakapita mmoja mmoja, vichwa chini, wengine sauti hazitoki, hongera, hongera Kachenje, hongera ndugu yetu. Hata daktari Lyamba alipita, akashindwa kulitamka, akamshika tu mkono, na kesho yake hakuonekana tena zahanati.

Mimi ndiye niliyemwosha yule mtoto. Wanawake wa mtaa waliogopa, maana hawakujua mtu aliyekufa kwa shibe anaoshwaje. Nilimwosha peke yangu. Mbavu zake nilikuwa nazihisi moja moja chini ya mkono, na tumbo lake lilikuwa limeingia ndani, limegusana na mgongo. Kamati ya wasomi imesema alishiba, na mimi sijasoma. Nikamalizia kumwosha, nikamfunika.

Baada ya mazishi serikali ikamletea Kachenje zawadi ya Baba wa Shibe: gunia la unga wa mahindi. Unga wa kweli, mweupe, laini, unanukia. Lilishushwa na gari la Wizara, na mhuri wa Wizara juu yake. Kachenje akaniomba nisonge ugali.

Nikasonga. Nikauweka mezani unafuka moshi, tukanawa mikono, tukakaa. Hakuna aliyemega.

"Kumbe unga ulikuwepo," Kachenje akasema.

Alikuwa anautazama ule ugali tu, mikono yake ya kuponda mawe imelala mezani, imepasuka kila mahali.

"Dada Mashavu," akasema. "Wewe ndiye uliyemwosha. Wote wananiambia alikuwa ameshiba. Redio inasema, Mheshimiwa kasema, majirani wanasema. Mimi asubuhi ile nilimtuma bila kula, lakini sasa sijui, labda alipata kitu njiani. Labda kuna mtu alimpa. Niambie wewe. Alikuwa ameshiba?"

Mlango ulikuwa wazi na watu walikuwa wanapita. Nilijua kabisa jibu la kutoa, ningeweza hata kuliimba.

"Hapana, kaka," nikamwambia. "Alikuwa na njaa. Tumboni hamkuwa na kitu."

Akajifunika uso, akalia kwa sauti, kilio ambacho hakukitoa uwanjani wala makaburini. Nililia naye mpaka ugali ukapoa. Alipoweza kusema tena, alinishika mkono.

"Ahsante," akasema. "Tangu afe, wewe ndiye mtu wa kwanza kunipa pole."